Watu zaidi ya ishirini kituoni na hakuna aliyeamua ugomvi, kwanini?

SWALI: "Shikamoo dokta. Juzi jioni nilikuwa kituo cha daladala Mbagala nasubiri gari. Wanafunzi wawili wa sekondari, sare bado wamevaa, wakaanza kusukumana, mara ngumi, mara mmoja akachomoa bisibisi kwenye begi akamchoma mwenzie begani. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini pale, hakuna aliyesogea, wengi wanarekodi na simu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama tu. Mwishowe bodaboda mmoja ndo akamkamata mkono yule kijana, bisibisi ikadondoka, akampakia majeruhi wakaondoka. Nafika nyumbani nakuta mwanangu wa kidato cha tatu tayari anayo klipu, ipo kwenye grupu lao la darasa wanacheka. Toka siku ile silali vizuri. Kweli watu tumefikia huku? Na mimi nimekuwaje, maana sijioni kama mtu mbaya."

JIBU: Marahaba dada. Nianze na hilo la mwisho maana ndo linalokunyima usingizi. Mtu asiye na huruma angefika nyumbani akala, akacheki tamthilia yake akalala, wewe umekaa siku kadhaa unaiwaza mpaka umeandika, kwahiyo la roho mbaya liweke pembeni. Ila sitakudanganya kwamba hukuwa na la kufanya pale. Lilikuwepo, tena dogo tu, ntalifikia. Kwanza nataka uelewe kilichokushika miguu, kwasababu usipokielewa siku nyingine kitakushika vilevile.

Haya maneno ya "watu wa sikuhizi hawana utu" ni ya zamani kuliko unavyodhani. Machi 1964 kule New York, mtaa wa Kew Gardens, dada mmoja anaitwa Kitty Genovese alichomwa visu usiku wa manane akirudi kutoka kazini, karibu kabisa na alipokuwa anaishi. Wiki mbili baadae gazeti la New York Times likaandika kwamba majirani 38 waliangalia madirishani zaidi ya nusu saa na hakuna aliyepiga simu polisi. Marekani nzima ikaanza kujiuliza swali lako hilohilo, tumefikia huku? Sasa miaka ilivyoenda watu wakarudi kwenye kumbukumbu za kesi wakakuta habari ilitiwa chumvi mno. Hao 38 walioshuhudia yote mwanzo mwisho hawakuwepo, wengi walisikia kelele tu wakadhani ni walevi au mtu na mpenzi wake. Jirani mmoja alifungua dirisha akapiga kelele "muache huyo binti" na muuaji akakimbia kweli. Shida ni kwamba baada ya ile kelele hakuna aliyeshuka chini, muuaji akarudi akammalizia. Na baada ya hapo yupo mama mmoja jirani alishuka ngazi bila kujua kama muuaji bado yupo, akamkumbatia yule dada mpaka msaada ulipofika. Huyo mama hakutajwa kwenye ile habari. Gazeti lenyewe lilikuja kukiri 2016 kwamba habari ilikuwa na kasoro, miaka 52 imeshapita na vitabu vya saikolojia dunia nzima vimeshaifundisha.

Nimeirefusha kwasababu ndani ya hiyo stori iliyopotoshwa kuna kitu cha kweli: kelele ya mtu mmoja ilimkimbiza mtu mwenye kisu. Kilichokosekana ni wa pili.

Kutokana na tukio lile wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaamua kupima badala ya kulaumu. Mwaka 1968 wakatoa majaribio ambayo mpaka leo sisi wa fani hii tunayarudia kila siku. La kwanza, mwanafunzi anakaa chumbani peke yake anaongea na wenzake kwa kipaza sauti, ghafla anasikia mmoja wao anapata kama kifafa, anahema, anaomba msaada. Aliyeamini yuko peke yake na mgonjwa, 85 kati ya 100 walitoka kuita msaada kabla kifafa hakijaisha. Aliyeamini kuna wengine wanne wanasikia pia, 31 tu kati ya 100. Na hapa ndo nakutaka wewe dada usome taratibu: wale ambao hawakutoka, mtafiti alipoingia chumbani kumaliza jaribio aliwakuta wengi wanatetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, wanamuuliza "yule yuko salama?" Hawakupuuza. Walikwama katikati, hajaamua kusaidia na hajaamua kutosaidia. Nadhani unaijua hiyo hali.

La pili ndo nalipenda zaidi. Unamuweka mtu chumbani anajaza fomu, alafu unaanza kuingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Wa peke yake, 75 kati ya 100 walitoka kutoa taarifa. Ukimuweka na watu wawili waliopangwa kutofanya lolote, wanaangalia moshi wanainua mabega wanaendelea kuandika, ni 10 tu kati ya 100 waliotoka. Wengine tisini walibaki wanakohoa, wanafikicha macho, wanapeperusha moshi kwa mkono waione karatasi, na fomu wanajaza! Walivyoulizwa baadae, mmoja anasema nilidhani ni mvuke, mwingine nilidhani ni hewa ya kiyoyozi. Yaani binadamu akiona wenzie wametulia anaamini macho ya wenzie kuliko pua yake mwenyewe.

Sasa rudi pale kituoni. Kila mmoja wenu alimuangalia jirani yake ajue hili jambo ni zito au ni utoto wa wanafunzi. Jirani naye katulia kwasababu anakuangalia wewe. Watu ishirini na ushee, kila mmoja usoni mkavu na moyoni anatetemeka, na kila mmoja anausoma ule ukavu wa mwenzie kama jibu. Ongeza na simu. Mtu aliyeinua simu kurekodi anaonekana anafanya kitu, hata yeye mwenyewe anajiona anafanya kitu, na anaona tukio kwenye kioo kama anavyoona klipu nyingine zote, umbali unaingia hapohapo. Simlaumu sana maana video imeshawahi kuwa ushahidi mkubwa tu mahakamani, ila video ya watu kumi na tano ya tukio moja haina kazi, ingetosha ya mmoja na kumi na nne wakawa na mikono mitupu.

Alafu kuna haraka. Pale Princeton, Marekani, mwaka 1973 watafiti walichukua wanafunzi wa theolojia, watu wanaojiandaa kuwa wachungaji, wengine wameambiwa kabisa wanaenda kuhubiri habari ya Msamaria Mwema, na njiani wakawekewa mtu amejikunja anakohoa na kugumia. Waliokuwa hawana haraka, 63 kati ya 100 walisaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10. Kuna waliomruka kabisa yule mtu wakaenda kumhubiri Msamaria. Mbagala saa kumi na mbili jioni, gari hazitoshi, kila mtu anawaza siti, unategemea nini.

Lakini ngoja, maana hapa ndo wengi wanaishia wakasema basi, kundi likiwa kubwa hakuna atakayesaidia. Sio kweli. Mwaka 2019 watafiti walitoa kazi waliyofanya kwa kuangalia kamera za mitaani, ugomvi wa kweli sio wa maabara, matukio 219 kutoka Amsterdam, Lancaster ya Uingereza, na Cape Town. Katika matukio tisa kati ya kumi kuna mpita njia angalau mmoja aliyeingilia, na watu wakiwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana mmoja unavyozidi kupanda. Cape Town ambayo watu wanaiogopa kwa uhalifu haikuwa na tofauti ya maana na zile mbili za Ulaya. Kwahiyo yote mawili ni kweli kwa pamoja: wewe kama mtu mmoja ukiwa kwenye kundi miguu inakuwa mizito, ila kundi lenyewe mara nyingi linamtoa mtu. Hata pale kwenu alitoka bodaboda. Alichelewa ila alitoka. Tukio lako lipo kwenye zile tisa.

Kwanini yeye na sio wengine? Simjui, ila kwa kukisia, yule kijiwe chake kipo palepale. Hao wanafunzi anawaona kila siku, ile sehemu ni ya kwake, kikiharibika kitu pale jina linalochafuka ni la kijiwe. Wewe ulikuwa mpita njia. Kuna jaribio zuri la Lancaster la mwaka 2005, mashabiki wa Manchester United wanatembea, mbele yao mtu anaanguka anaumia mguu. Akiwa amevaa jezi ya Man U wanamsaidia karibu wote, akiwa na jezi ya Liverpool wengi wanapita. Ila wakiongeleshwa kwanza kuhusu kuwa wapenzi wa mpira kwa ujumla, na wa Liverpool anasaidiwa. Yaani mtu anamsaidia aliyemuona kuwa ni wa kwake, na hilo la nani ni wa kwangu linabadilika kwa dakika chache tu za mazungumzo. Simba na Yanga mnaosoma hapa mnanielewa.

Sasa nikuulize kitu dada. Watu walewale, kituo kilekile, angepita mtu mbio alafu sauti ikasema "mwiziiii!", wangesimama? Unajua jibu. Wangetoka wote na mawe na matairi, hata asiyejua kaiba nini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikitoa ripoti kila mwaka za watu wanaouawa na "wananchi wenye hasira kali", na tunaongelea mamia. Kwahiyo ukiniambia watu wetu ni waoga sikubali hata kidogo. Tunao ujasiri mwingi mpaka unaua. Tofauti ni kwamba kelele ya mwizi inamwambia kila mtu nini kinatokea na yeye anatakiwa afanye nini, haina maswali. Ugomvi wa vijana wawili wenye sare hauna kelele yake. Hakuna neno moja ambalo likipigwa wote tunajua sasa tunawatenganisha. Na kwa upande mwingine tumelelewa na "ndugu wakigombana chukua jembe ukalime", ukiingilia unaambiwa una kiherehere, au wanageuka wote wawili wanakushukia wewe. Usia mzuri huo kwa mke na mume waliogombea hela ya mboga. Kwa watoto wenye bisibisi haufai.

Na kuna hofu ambazo ni za kweli kabisa, sitaki kuzifanya ndogo. Toka mambo ya Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu, watu wa Dar wanaogopa vijana. Wengi mnakumbuka ile Januari 2015 jinsi uvumi tu ulivyofunga maduka na kukimbiza watu usiku, alafu Septemba 2022 mapanga yakaingia majumbani kweli. Mtu akiona kijana kachomoa chuma hafikirii mwanafunzi, anafikiria kundi zima litakalomfuata nyumbani. Kingine ni polisi. "Nikimbeba majeruhi ntaulizwa mimi", "PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nani ataifuatilia", "ntaitwa shahidi mara kumi kesi inaahirishwa". Ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi toka 2015, lakini waliowahi kuisikia ukiwatafuta pale kituoni hupati hata mmoja. Hili ni kosa la mifumo, na tukiacha kulisema tunamuangushia raia mzigo wote.

Nije kwa vijana wenyewe, maana hapa ndo nashinda na kazi yangu. Wale wawili walipoanza kusukumana hawakuwa wanapigana wao kwa wao tu, walikuwa wanapigana mbele ya watu. Kijana wa miaka 15 au 16 anaweza kumezea tusi akiwa peke yake chooni, mbele ya wenzie hawezi, na mkishafanya duara ndo mmemfungia mlango wa kutokea. Akirudi nyuma kesho ataitwa jina. Akiona simu zimeinuka ndo kabisa, anajua kesho itakuwa shule nzima, kwahiyo anaongeza dozi. Nimekaa na vijana wengi baada ya ugomvi, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na maneno yanayojirudia mno ni haya: "nilikuwa nasubiri mtu atuamulie". Mmoja aliniambia alikuwa anampiga mwenzie huku anachungulia pembeni kama mwalimu anakuja, na kila alivyokuwa anachungulia anakutana na simu. Yaani alitaka aachishwe, aweze kuondoka huku anasema "shukuru Mungu wamenishika". Hiyo sentensi inaokoa heshima ya kijana na kuliko kitu kingine chochote inaokoa damu. Mtu mzima anayeingia katikati anawapa wote wawili ruhusa ya kuacha.

Na haihitaji mtu mzima kila mara. Watafiti wa Canada waliwarekodi watoto kwenye viwanja vya shule, taarifa yao ilitoka 2001, wakakuta wenzao wanaingilia uonevu mara chache tu, kama tukio moja kati ya matano, ila wakiingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu uliisha ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Mimi nikienda mashuleni siwafundishi vijana kuwa mashujaa, nawafundisha kumvuta rafiki yao. Usimkabili adui, mkumbatie wa kwako kutoka nyuma, mwambie twende, gari imefika, mama ako anapiga. Uongo wa aina hiyo naubariki.

Haya, wewe ungefanya nini. Kwanza la kutofanya: silaha ikishatoka usijirushe katikati. Yule bodaboda kaweza, ana nguvu, ana uzoefu na ana wenzie nyuma, wewe una mkoba na viatu vya wazi. Kazi yako ilikuwa kabla ya bisibisi, kile kipindi cha kusukumana na matusi, ambacho mara nyingi kinachukua dakika nzima au zaidi, na ndo kipindi ambacho wote tunasema "waache, watoto hao". Pale sauti ya mama inafanya kazi ajabu. "Nyie watoto! Shule gani nyie? Hebu njoo hapa wewe." Usitukane, usimwambie mmoja kakosa, mpe swali la kijinga tu limtoe kwenye ile akili ya kupigana. Na usiseme "jamani wasaidieni", maana jamani hana jina, kila mtu anadhani anaambiwa mwingine. Mnyooshee kidole mtu. "Kaka wa shati la bluu, njoo tuwatenganishe. Konda, piga honi. Dada wewe mwenye simu, acha kurekodi piga 112." Ukishamtaja mtu kwa shati lake hawezi tena kujificha ndani ya kundi, na wa kwanza akitoka wa pili na wa tatu wanatoka wenyewe. Ile kelele ya dirishani kule New York ilihitaji hicho tu. Kama unaogopa kuwa wa kwanza nenda moja kwa moja kijiweni kwa bodaboda au kwa mama ntilie anayefanya biashara hapo kila siku, wenye eneo ndo wenye mdomo.

Silaha ikishatumika kazi inabadilika. Rudisha watu nyuma, piga 112, angalia aliyechomwa. Kama kitu kimebaki mwilini usikichomoe, kama kimetoka kandamiza jeraha kwa kitambaa au khanga, kandamiza kwa nguvu na usiachie achie kuchungulia, alafu hospitali. Mwingine abaki na yule aliyechoma, sio kumpiga, nasisitiza sio kumpiga. Ni mtoto na saa hiyo yuko kwenye mshtuko mkubwa kuliko anavyoonyesha, na umati uliokuwa umelala dakika mbili zilizopita unaweza kuamka ukamuua. Nimeona hilo likikaribia kutokea, kutoka kuangalia mpaka kuua kuna mtu mmoja tu wa kusema "choma huyo".

Kuhusu mwanao. Usianze na kumnyang'anya simu, ntakuwa mkweli, utajisikia vizuri wewe tu. Kaa nae, mwambie mimi nilikuwepo pale. Wewe ndo una kitu ambacho grupu lao zima halina, uliona uso wa yule mtoto, wao wameona klipu. Mwambie na kwamba ulisimama, ulivyojisikia, usijifanye mtakatifu mbele yake, vijana wananusa. Alafu muulize: kwenye hilo grupu kuna yeyote aliyeandika kitu tofauti na kucheka? Naweza kukuhakikishia wapo walioona sio poa wakanyamaza kwasababu wenzao wameweka emoji za kucheka, ni kile chumba cha moshi tena, sasa hivi kiko WhatsApp. Akiandika yeye tu "oya huyo mtu kaumia kweli, tufuteni hii" utashangaa wangapi watafuta. Kama hataki kuandika hadharani amtumie admini pembeni. Klipu yenyewe muiwasilishe kwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya hao vijana au polisi, alafu ifutwe, isibaki kwenye simu. Kama hao vijana ni wa shule yake na ugomvi bado unaendelea chini chini, mara nyingi unaendelea, kuna visasi, basi mwalimu wa malezi aambiwe wiki hii hii, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure kupiga, unaweza kueleza bila kujitaja.

Na usingizi, kama wiki mbili zikipita bado unaamka usiku unaiona ile picha, au umeanza kukikwepa kile kituo, tafuta mtu wa ushauri nasaha ana kwa ana, hospitali nyingi za wilaya na mkoa wapo. Kabla ya hapo jaribu hiki: pita kile kituo mchana, mtafute yule bodaboda, msalimie, muulize mtoto alifikishwa hospitali gani na anaendeleaje. Kama ameruhusiwa na anakaa karibu, nenda na mwanao mkamjulie hali.